Mlango wa Dereva

Wapo wanaume wanaosahau kuoga lakini hawasahau kuosha gari, na Taratibu alikuwa mbele kabisa kwenye foleni yao. Jina hilo alipewa na abiria, kwa sababu katika miaka tisa ya kuendesha teksi hakuna aliyewahi kumwona akikimbiza gari, hata abiria alalamike vipi kwamba amechelewa. Gari lake lilikuwa dogo, kuukuu, la rangi ya damu ya mzee, na liling'aa kuliko magari mapya ya majirani. Kila asubuhi alilipaka krimu, akalisugua kwa fulana laini, kisha akarudi nyuma hatua mbili alitazame. Chai yake ilikuwa inapoa mezani wakati huo, na mkewe alishaacha kumwita.

Sasa gari hilo lilitakiwa liwe jeupe kufikia Jumatatu asubuhi.

Mkewe ndiye aliyeleta habari. Alikuwa fundi wa cherehani, na mtaa mzima ulimwita Fundi, basi. Mteja wake mmoja, muuguzi, alimwambia kwamba kampuni inayowabeba wauguzi wa zamu inatafuta magari matano. Mkataba wa mwaka mzima, malipo kila mwisho wa mwezi, safari za alfajiri na jioni. Masharti yalikuwa mawili: gari liwe jeupe, na siku ya Jumatatu saa mbili gari na dereva wake wakaguliwe.

Sharti la gari lilimnyima Taratibu usingizi. Sharti la dereva lilimnyima usingizi Fundi.

Mwaka uliopita kiharusi kilimwangusha mumewe na kumlaza mwezi mzima. Mguu ulirudi. Mdomo nao ulirudi mahali pake. Mkono wa kulia ulirudi nusu njia ukachoka, ukabaki unatetemeka kama unasikia baridi peke yake. Taratibu alisema ni uchovu tu. Alirudi barabarani mapema kuliko alivyoshauriwa, na kwa kuwa tangu zamani alikuwa mtu wa polepole, watu hawakuona tofauti. Ila Fundi aliiona. Kila mumewe alipobadili gia kwa mkono wa kushoto, usukani ulibaki na ule wa kulia, na Fundi kwenye kiti cha abiria alijikuta anakanyaga sakafu kana kwamba kuna breki upande wake. Hakuwahi kumwambia. Naye Taratibu hakuwahi kueleza kwa nini wateja wake wa zamani hawapigi simu tena.

Mafundi wa rangi walitaja bei ambayo Fundi aliomba irudiwe, akidhani amesikia ya gari jipya. Pia walitaka wiki mbili. Ndipo akaambiwa kuhusu stika, ile plastiki nyembamba yenye gundi mgongoni, inayovishwa gari zima likabadilika rangi. Aliuza cherehani yake ya pili, ile ya kumalizia pindo, akanunua jora zima la stika nyeupe. Kubandikiwa ilikuwa bei nyingine, na hiyo hawakuwa nayo.

"Tutabandika wenyewe," Taratibu alisema. "Si ni kama kuvisha daftari jalada?"

"Daftari halina mabega," Fundi alijibu. "Gari lina mabega, kiuno na masikio."

"Basi wewe ndiye fundi wa mabega. Pima."

Na Jumamosi asubuhi alipima. Alizunguka gari na tepu shingoni, chaki sikioni, akiandika kwenye boksi la viatu kama anavyoandika vipimo vya maharusi.

*

Msaidizi wao alikuwa wifi yake, dada wa Taratibu, msusi aliyepanga chumba cha mbele na ambaye ulimi wake haukuwa na siku ya mapumziko. Alikuja uani na draya ya nywele na waya mrefu, akalizunguka gari lile.

"Wifi, huyu mteja ni kipara," alisema. "Nimkaushe nini?"

"Pasha stika ilainike, ukiacha maneno."

"Nitapasha na maneno. Bei ni ileile."

Walianza na boneti. Fundi alishika ncha mbili, Taratibu akashika ncha moja kwa mkono wa kushoto na nyingine akaibana kwa kiwiko cha kulia, wifi akapuliza moto. Stika ilishuka taratibu, ikalala. Fundi aliisukuma hewa kutoka katikati kwenda pembeni kwa kipande cha plastiki ngumu alichokivisha kitambaa, ili kisikwaruze. Kazi ilikwenda vizuri kuliko walivyotegemea, na hapo ndipo wangepaswa kuogopa. Boneti lilitoka jeupe, limenyooka. Taratibu alirudi nyuma hatua zake mbili.

"Nani kasema tunahitaji fundi?" alisema, na Fundi alifurahi kumwona amesimama hivyo, mabega juu, baada ya mwaka mzima wa kutembea kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha.

Saa sita mchana stika ilianza kunyanyuka. Kwanza pembe moja, kisha upande mzima, kisha ikajikunja katikati ikaacha tumbo kubwa la hewa. Fundi aliibonyeza, ikakaa. Alipoondoa mkono, ikanyanyuka tena. Aliifunua kwa kucha, akapitisha kidole kwenye bati chini yake. Kidole kiliteleza.

"Baba watoto," alisema polepole, "asubuhi umelifanya nini hili gari?"

"Nimeliosha."

"Umeliosha tu?"

Taratibu alitazama pembeni. "Nikalipaka krimu kidogo. Stika si inataka gari safi?"

Wifi alizima draya. "Kaka, umempaka mafuta kisha unataka plasta ishike."

"Miaka tisa nalipaka!" Taratibu alipandisha sauti. "Mnataka nilipeleke kwenye stika likiwa chafu, watu wacheke?"

Miaka tisa ya krimu ilikuwa imezama kwenye lile bati, na kila alichokifanya kwa mapenzi sasa kilikuwa kikwazo. Stika ya boneti iliyotoka ilikuwa imeshika mafuta mgongoni, haifai hata kufungia maandazi. Ilikuwa robo ya jora. Fundi aliikunja vizuri hata hivyo, kwa mazoea ya kutotupa. Cherehani iliyouzwa ilikuwa imekwisha nunuliwa na mtu. Haikuwepo ya tatu.

Mchana wote waliutumia kulisugua gari kwa spiriti, bati kwa bati, mpaka krimu yote ikatoka na rangi ya damu ya mzee ikabaki butu, haina mng'ao. Taratibu alisugua kwa mkono wa kushoto bila kupumzika. Alikuwa na uso wa mtu anayemuogesha ndugu yake mgonjwa.

*

Kwa kuwa stika ilipungua, Fundi alirudi kwenye boksi lake la viatu akafuta vipimo, akaandika vipya. Hapo ndipo ufundi wake ulipoonekana. Vipande viwili alivikutanisha penye mstari wa bati, mahali ambapo jicho lilikwisha zoea kuona mstari, ikawa huwezi kujua kama pana kiungo. Saitimira, vile vioo vya pembeni vinavyowaliza hata wanaume wazima, alizivisha kama anavyovisha vifungo kitambaa. Jua lilipokuwa linaelekea kuzama walibakiza paa, buti na milango miwili ya upande wa kulia.

"Mlango wa dereva nitafanya mimi," Taratibu alisema.

"Tufanye pamoja."

"Nimesema mimi. Ni mlango wangu."

Wifi na Fundi walitazamana. Fundi akampa kipande kilichokwisha katwa na kile kiplastiki chenye kitambaa, akasogea.

Alipambana nao kwa zaidi ya saa nzima. Mkono wa kushoto ulibandika vizuri. Wa kulia ulikuwa wa kuvuta na kunyoosha, nao ulivuta ukaachia, ukavuta ukaachia. Kila ulipotetemeka stika ilishika mahali pasipotakiwa. Akiibandua, inajinyonga. Jasho lilimdondoka juu ya gundi. Alipomaliza, mlango ule ulikuwa na makunyanzi kutoka kwenye kioo mpaka chini, na viputo vya hewa vimetapakaa kila mahali. Milango mingine ilikuwa imenyooka. Mtu yeyote angejua kwamba huu umefanywa na mkono mwingine.

Wifi alifungua mdomo. Fundi alimkanyaga mguu.

"Umekaa," Fundi alisema.

"Umekaa," Taratibu akakubali, bila kuutazama. Akaingia ndani kunawa.

*

Jumapili saa nne, paa, buti na ule mlango mwingine wa kulia vikiwa tayari, Fundi alimwambia mumewe aende akanyolewe.

"Huwezi kukaguliwa na nywele hizo. Nenda kwa kinyozi wa mbali, yule mzuri."

"Wa hapa ana ubaya gani?"

"Anakuacha na mistari. Nenda."

Alikwenda. Alipopotea kwenye kona, Fundi alichukua kipande cha akiba alichokibana kwenye hesabu zake, akapiga goti mbele ya mlango wa dereva, akaanza kubandua kazi ya mumewe. Ilitoka kwa sauti ya kuchanika. Wifi alipuliza moto bila utani.

"Atajua," wifi alisema.

"Najua kwamba atajua."

"Na kesho? Stika unaweza kuibandika upya, wifi. Mkono wa kaka yangu utaubandika na nini?"

"Kesho atazungushwa uwanjani kwao tu. Yule muuguzi kaniambia. Mbele kidogo, nyuma kidogo, unaegesha. Hakuna kubadili gia gari likiwa kwenye mwendo. Akishapita, keshapita."

"Na baada ya hapo?"

Fundi aliivuta stika mpya, akaibonyeza. Alikuwa na watoto wawili shule ya bweni, cherehani moja iliyobaki, na mume ambaye akiambiwa asiendeshe hajui aamke saa ngapi. Aliinyoosha stika ile mpaka viganja vikamuuma. Alijisikia kama mwizi anayevunja nyumba yake mwenyewe.

Taratibu alirudi kanyolewa vizuri, anaonekana mdogo kwa miaka mitano. Alifika kwenye gari, akasimama mbele ya mlango wake. Ulikuwa umenyooka kama mingine. Alipitisha kidole kuanzia kwenye kitasa mpaka chini, akageuza kidole akakitazama.

"Kile kipande cha akiba," alisema.

"Ndiyo."

"Kimetosha?"

"Kimetosha."

"Haya." Alikipangusa kidole kwenye suruali. "Kinyozi alikuwa na foleni. Hamkuwa na haja ya kuharakisha."

Siku nzima hakumkasirikia, na hilo lilimuuma Fundi zaidi. Kama angefoka, Fundi angejua pa kuanzia.

*

Uwanja wa kampuni ulikuwa na magari kumi na mawili yaliyokuja kugombea nafasi tano. Mengine yalipakwa rangi harakaharaka mpaka matairi yakapata nyeupe. Mkaguzi alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya kuning'iniza shingoni na viatu vilivyokanyagwa visigino, mtu aliyeonekana kuchoka kabla siku haijaanza. Alikuwa na faili, na muhuri mfukoni.

Taratibu alizungushwa uwanjani. Mbele kidogo, nyuma kidogo, akaegesha katikati ya mistari bila kuigusa. Aliendesha kama jina lake, na kwa uwanja mdogo kama ule hilo lilikuwa jambo la kusifiwa. Fundi, aliyesimama ukutani na mkoba kifuani, alianza kupumua.

Mkaguzi aliangalia taa, matairi, mikanda. Akafungua faili juu ya boneti, akatoa muhuri. Kisha akavaa miwani na kuinama kwenye mlango wa dereva.

"Hii siyo rangi," alisema.

"Ni stika, mama," Fundi alijibu.

"Wapi mmebandikiwa? Sijaona kazi safi hivi. Na mimi nina gari langu nyumbani limechubuka lote."

Jibu la kweli lilikuwa jepesi. Lakini Fundi alimwona mumewe amesimama pale, kichwa kipya, mikono nyuma, macho chini, mtu anayengoja kusikia kwamba kazi nzuri siyo yake. Alitaka tu kumrudishia kidogo.

"Hatujabandikiwa," alisema. "Kabandika mwenyewe. Huyu mume wangu. Huo mlango, ni mkono wake."

Taratibu alimtazama mkewe. Halafu, taratibu, akanyoosha mgongo.

"Hongera, baba," mkaguzi alisema, na alionekana amefurahi kweli. "Hebu nifundishe basi. Hapa chini ya kitasa kuna kiputo kimoja. Hiki mnakiondoaje?"

"Kinatobolewa kwa sindano," Fundi aliwahi. "Ninayo hapa. Ngoja nikitoe mimi."

"Mwache mwenye kazi yake, mama. Nataka nione mkono unavyokwenda."

Sindano ilishatoka kwenye mkoba. Kiplastiki chenye kitambaa nacho kilitoka. Kazi ile inataka mikono miwili: mmoja utoboe, mwingine usukume hewa palepale. Taratibu alipokea sindano kwa mkono wa kushoto. Alijaribu kusukuma kwa ule wa kulia, kiplastiki kikamponyoka. Akakiokota. Akabadilisha, sindano ikaenda kulia. Fundi alitaka kupiga kelele, akose pumzi, aanguke, chochote, lakini alibaki amesimama tu.

Sindano iligusa stika, ikatetemeka, ikaandika mstari mrefu kutoka kwenye kitasa kwenda chini. Stika ikafunguka. Damu ya mzee ikachungulia.

Mkaguzi hakuutazama mlango. Aliutazama mkono mpaka ulipojificha nyuma.

"Tangu lini, baba?"

"Ni baridi tu ya asubuhi."

"Tangu lini?"

Taratibu alishusha pumzi. "Mwaka jana."

"Na hiyo kazi umefanya wewe?"

"Ni ya mke wangu," alisema. "Yote. Ule mlango nilioufanya mimi aliubandua."

Mkaguzi alivua miwani akaifuta kwa ncha ya gauni, muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Wauguzi hawa wakitoka zamu wanalala ndani ya gari," alisema. "Mlango ukifungwa tu, wamelala. Wote wanne. Hakuna anayeangalia barabara isipokuwa dereva."

Fundi alitafuta la kubishia, akauona kichwani mguu wake mwenyewe ukikanyaga sakafu ya gari. Aliona aibu, kwa sababu alilijua hilo kabla ya mkaguzi, na alikuwa tayari wauguzi wale walale huku mumewe akiwa kwenye usukani.

"Gari limepita," mkaguzi aliendelea. "Mkikubali, tutalichukua na dereva wa kwetu. Malipo yatapungua, maana na yeye atalipwa. Mnaweza kwenda kufikiri."

"Tutakwenda kufiki—" Fundi alianza.

"Tukafikiri nini?" Taratibu alimkatiza. "Limeshavaa sare. Lichukueni."

*

Dereva wa kampuni alikuwa baba mmoja mnene mwenye adabu. Alipokea funguo kwa mikono miwili. Alipoondoka gari lilirukaruka mara tatu, likazima.

Taratibu, aliyekuwa ameshafika getini na mkewe, alirudi. Aliinama dirishani.

"Klachi usiikanyage mpaka mwisho, ndugu yangu. Nusu inatosha. Na gia ya pili ina madeko, unaisubiri kidogo. Ukiilazimisha inanuna."

"Nimekusikia, kaka."

"Usilipake krimu. Stika haitaki." Akafikiri kama kuna lingine. "Na hapo chini ya kitasa usipapulizie maji. Mke wangu atakuja kupatia kiraka."

"Nimekusikia."

Gari likawaka. Likatoka getini safari hii bila kuruka, likapita mbele ya Fundi, jeupe kabisa chini ya jua la saa nne, saitimira zake zimenyooka kama masikio ya sungura. Taratibu alisimama kando ya mkewe. Mkono wa kulia ulikuwa unatetemeka waziwazi, na safari hii hakuuficha.

"Ni mimi niliyekuponza," Fundi alisema. "Ningenyamaza tu."

Taratibu alikuwa anaangalia barabara. Gari lilifika mbali, likawasha indiketa, likapunguza mwendo kwenye kona, likainama kidogo upande mmoja kabla ya kunyooka. Kwa miaka tisa alikuwa amelitazama likiwa limesimama, asubuhi baada ya asubuhi. Likiwa linakwenda, siku zote yeye alikuwa ndani.

"Kumbe ndivyo linavyokwenda," alisema.

Wakasimama pale mpaka likapotea, kisha Fundi akamshika mkono, ule wa kulia, wakaanza kutembea kurudi nyumbani.